Kuanzia Saa Saba na Dakika Kumi

Kwa miaka kumi na tisa nilipeleka hati za mahakama, na hakuna hata moja niliyoirudisha bila sahihi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kujisifu kuliniishia Ijumaa moja, na habari ya Ijumaa hiyo nataka kuitoa kifuani kabla sijazikwa nayo.

Kazi ya mpeleka hati ni rahisi kuieleza. Mahakama ikiamuru jambo, amri yake ni karatasi tu mpaka imfikie mkononi anayeamriwa, naye atie sahihi kwenye nakala kwamba ameipokea. Ndiyo maana watu hutukimbia. Nimewahi kumpa mtu hati akiwa kwenye kiti cha kinyozi pale Mwanga, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akimbilie wapi? Mwingine nilimpata msibani, kwenye foleni ya kunawa mikono. Mfanyabiashara mmoja wa Ujiji alijifungia chooni. Nikakaa kwenye ndoo nje ya mlango, nikasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, akatoka mwenyewe. Watu wa Kigoma waliniita Kupe. Nililipenda jina hilo kuliko Pastory niliyobatizwa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, wakati kambi ya Nyakasozi, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini, ilikuwa na watu wengi kuliko mji wenyewe. Walikuwa Warundi karibu wote. Sisi Waha hatuhitaji mkalimani kuongea nao, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Akisema amekimbia tunaelewa, akisema ana njaa tunaelewa zaidi.

Basi Rais wetu akaenda ng'ambo kwa ziara ya siku mbili. Tuliambiwa ni mambo ya biashara. Siku ya pili, taarifa ya habari ya mchana ikatangaza kwamba yeye na Rais mwenzake wametia saini mkataba: wakimbizi wote wa Nyakasozi warudishwe kwao kabla mwezi haujaisha, watake wasitake. Siku hiyohiyo nilimkuta mbunge wetu kwa fundi cherehani, Mwanga, akipimwa suti. Nikamuuliza Bunge limeuridhia lini mkataba huo, maana Katiba ninayoibeba mkobani inasema mkataba wa namna hiyo ni lazima upite kwao.

"Mzee Pastory, mimi nimeusikia redioni kama wewe," akasema, mikono juu, fundi akimzungushia futi kifuani. "Ila mambo ya nje ni ya Rais mwenyewe. Tukianza kuuliza tutaonekana hatuna adabu."

"Kwani tulikuchagua uende ukaoneshe adabu?"

Fundi alicheka, mbunge hakucheka. Nikaondoka huku nimefura. Hasira zangu ziko karibu, nakiri, lakini ile nilistahili kuwa nayo.

Ndani ya kambi walikuwamo watu tisini na watatu ambao kwao kurudi hakukuwa safari bali kaburi. Walitafuta wakili, Regina, mama mmoja mfupi wa shirika la kanisa, wakafungua shauri. Jina la kwanza kwenye orodha ya waombaji lilikuwa la Inamahoro. Mumewe, Kubwimana, alirudi kwao mwaka uliotangulia, kwa hiari yake, akiamini tangazo kwamba nchi imetulia. Alikaa siku kumi na mbili. Wale waliomtoa nyumbani walikuwa na orodha, na jina la mkewe lilikuwa chini ya lake. Inamahoro aliyajua hayo kutoka kwa shemeji yake, aliyevuka ziwa kwa mtumbwi ili amletee habari na shati la marehemu.

Jaji alitoka Tabora kwa treni kuja kwenye kikao. Nilisimama mlangoni siku ile nikisikiliza. Wakili wa serikali alisema mahakama haina macho ya kuona nje ya mipaka, mambo ya nchi na nchi yanamhusu Rais peke yake. Jaji akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Rais ana kalamu, na Bunge lina kalamu," akasema. "Mkataba uliotiwa saini kwa kalamu moja, wakati Katiba inataka mbili, kwangu mimi ni barua ya mtu na rafiki yake."

Jumatatu asubuhi akatoa amri ya zuio: waombaji wote tisini na watatu, waliotajwa katika orodha iliyoambatishwa, wasiondolewe nchini mpaka shauri liishe. Na kwa kuwa aliwajua wakubwa wetu, akaongeza aya ya mwisho: ikishindikana kumpata mhusika kwa siku tatu, hati ibandikwe kambini na isomwe hadharani, ihesabike imefika. Jumatatu hiyohiyo akapanda treni akarudi Tabora. Karani wetu Feliksi akanikabidhi nakala tano, wino wa muhuri haujakauka.

"Hii, Kupe, usipoipatia sahihi, watu watakufa," akaniambia.

"Umewahi kuniona nimekosa?"

Jumatatu mkuu wa kambi alikuwa safarini. Jumanne alikuwa kikaoni. Katibu muhtasi wake, binti mmoja mpole aitwaye Happiness, alinipa kiti na chai, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, huku mimi naona viatu vya bosi wake chini ya mlango wa ofisi ya ndani. Nikasema nitasubiri. Nikasubiri mpaka saa kumi. Viatu vikatokea mlango wa nyuma, gari likawaka.

"Iache tu mezani, mzee," Happiness akasema, macho chini. "Akirudi ataiona."

Sijawahi kuacha hati mezani. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kazi yetu, na ninaowafundisha huwaambia siku ya kwanza kabla hata ya kuwaonesha muhuri. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilijiambia kwamba angalau akiisoma ataogopa. Nikaacha nakala moja, pamoja na orodha yake ya majina tisini na matatu, imebanwa kwa pini.

Jumatano nilikwenda kwa mkubwa wa polisi aliyepewa kazi ya kuwahamisha. Alikuwa mgonjwa. Nikaenda kwake nikiwa na machungwa ya kumpa pole. Mkewe akasema amekwenda hospitali. Hospitali wakasema hawajamwona. Mjini tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Wakubwa walikuwa wameigeuza: asiyekuwepo, na amri haipo. Na wakati wao hawapo, malori kumi na moja yalikuwa yamefika Nyakasozi, yameegeshwa nyuma ya ghala la chakula, maturubai mapya.

Waombaji hawakuwa wajinga. Tangu mkataba utangazwe walikuwa wametawanyika, huyu shambani kwa Muha aliyemlimia, yule kwa padri, wengine Kasulu. Inamahoro alikuwa Katonga kwa Mwanvua, mwanamke niliyekua naye mtaa mmoja Ujiji, anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Alikuwa amejifunga kanga na kujitanda kama wenyeji, na mikono yake ilikuwa na magamba hadi kwenye viwiko. Ungempita mara kumi usimtambue. Hapo alikuwa salama. Nataka hilo lieleweke vizuri.

Alhamisi mchana nikaenda kumwambia kwamba siku tatu zimekwisha na kesho nitaibandika hati na kuisoma. Nilimkuta ameinama mchangani akigeuza dagaa kwa ufagio.

"Utasomea nani?" akauliza.

"Nitausomea ukuta, ikibidi. Jaji ameruhusu."

Akasimamisha ufagio. "Mzee Pastory, ukuta si shahidi. Unamjua baba yangu alikuwa nani?"

Nilimjua kwa kusimuliwa. Mzee Manariyo alikuwa mushingantahe huko kwao, mmoja wa wale wasuluhishi wanaoteuliwa na wenzao na kuapishwa mbele ya kijiji kizima. Wakishasikiliza shauri, hutamka hukumu hadharani na kugonga ardhi kwa fimbo.

"Ikishagongwa, hata chifu ananyamaza," Inamahoro akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Chifu alikuwa amechukua shamba la mjane. Walimwambia rudisha, mbele ya watu, akarudisha. Lakini lazima mwenye shauri awepo. Asipokuwepo siku ya kutamka, ameliacha shauri lake. Ni mimi wa kwanza kwenye karatasi. Nisipokuwepo watasema tumeiacha."

"Sheria yetu haisemi hivyo."

"Sheria yenu inasema isomwe mbele ya watu. Watu gani, baba, kama sisi tumejificha? Nikituma neno, wote watakuja."

Mwanvua alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatusikiliza. "Inamahoro, mwanangu, hao dagaa wakishaingia wavuni hawaulizwi walikuwa na kesi gani," akasema. "Kaa hapa."

Inamahoro akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayezijua hizi hati. Ikisomwa, wanaweza kutuchukua?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilikuwa na jibu la kweli, nalo ni kwamba sijui. Lakini kwa siku tatu nilikuwa nimefanywa mpumbavu na viatu chini ya mlango, na nilikuwa namwona mkuu wa kambi akisimama mbele ya umati, hana pa kukimbilia, akinyoosha mkono apokee. Niliitaka sahihi ile. Nilivimba kichwa kwa ajili ya muhuri ambao hata si wangu.

"Ikishasomwa hawawezi," nikasema. "Njooni."

Ijumaa saa nne tulikuwa Nyakasozi. Walikuja themanini na wanane kati ya tisini na watatu, wamevaa nguo za kanisani. Walikuja pia wakazi wengi wa kambi, wakajaa kiwanja cha kugawia chakula. Niliibandika hati kwenye ubao wa matangazo, nikapanda kwenye kreti, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia, Inamahoro pembeni yangu akigeuza kila sentensi kwa Kirundi. Nilipofika kwenye maneno "wasiondolewe nchini," akayasema polepole, kisha akayarudia bila kuombwa. Mzee mmoja alikuwa analia na hata hajipangusi. Mwisho nikasoma jina la mahakama na tarehe, na Inamahoro akachukua fimbo aliyokuja nayo, akagonga ardhi mara moja.

Kukawa kimya. Nikafikiri, kumbe hivi ndivyo sheria inavyokuwa ikiwa hai. Niliamini kabisa.

Kisha malori yakawashwa nyuma ya ghala.

Polisi walikuwa wameshatuzunguka, kwa utaratibu mzuri tu, hakuna hata aliyepiga kelele. Mkuu wa kambi akatokea, ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wiki ile. Mkononi alikuwa na karatasi, akaanza kuita majina. "Inamahoro." Halafu la pili, halafu la tatu. Nilikuwa nayajua majina hayo kwa mpangilio wake kwa sababu nilikuwa nimetoka kuyasoma. Ilikuwa ile orodha yangu, niliyoiacha mezani Jumanne, tundu la pini likionekana pembeni. Kwa wiki tatu, kwa kuwa majina yalifichwa mpaka amri itoke, walikuwa hawajui ni nani waliomo katika shauri na wako wapi. Mahakama iliwaandikia majina, nami nikawaletea watu.

Nikamkimbilia, nikaisukuma hati mbele ya kifua chake. "Mheshimiwa, kuna zuio! Limesomwa! Soma aya ya mwisho!"

"Mzee, mimi nina maagizo kutoka juu. Rais wa nchi ameahidi mbele ya Rais mwenzake kwamba leo watavuka. Unataka nimfanye mwongo ugenini?"

"Kuna Katiba!"

"Ipo," akasema bila hasira. "Hakuna aliyesema haipo."

Aliendelea kuita. Polisi wawili wakanishika mabega wakaniweka kando kama wanavyomweka kando mlevi harusini. Watu hawakupigana. Nadhani hilo ndilo linaloniuma zaidi: walipanda wakiwa bado wanangoja hukumu ifanye kazi, kila mmoja akigeuka kuutazama ubao, kama vile karatasi ingeshuka pale iwashike mikono. Inamahoro alikuwa wa kwanza kupanda. Hakunilaani. Laiti angenilaani. Aliinama ukingoni mwa lori, akaniita.

"Mzee Pastory. Isome tena."

"Mwanangu..."

"Labda hawakusikia vizuri. Isome tena, mimi nipo."

Nikaisoma. Nilisimama vumbini nikaisoma kutoka mwanzo, jina la mahakama, namba ya shauri, waombaji na wajibu maombi, huku malori yanapangwa mstari, huku watoto wanapitishwa juu juu kwa mama zao. Naye akaendelea kutafsiri kutoka kule juu, mpaka lori likaondoka na sauti yake ikamezwa na injini. Nilimaliza peke yangu.

Wakazi wengine waliporudishwa kwenye vibanda vyao kungoja zamu yao, na kiwanja kikabaki kitupu, mkuu wa kambi akanijia, akajipangusa jasho kwa leso. Akatoa kalamu.

"Haya, lete nitie sahihi."

Sikuelewa. Akaichukua hati mkononi mwangu, akatafuta mahali pa kupokelea, akaandika jina lake lote kwa herufi nzuri za mtu aliyesoma misheni. Chini yake akaandika tarehe. Akatazama saa yake, akaongeza: saa saba na dakika kumi mchana.

"Nimeipokea," akasema. "Kuanzia sasa hakuna mwombaji hata mmoja atakayeondolewa hapa. Umeshuhudia."

Nilirudi mjini kwa kudandia lori la mkaa, nikafika Katonga jioni. Mwanvua alikuwa anaviringisha mikeka. Alisema meli imepita saa kumi, imejaa watu, naye alikuwa amesimama akajiuliza ni wapi wanakwenda watu wote wale, kisha akaendelea na kazi. Nikamwambia ni akina nani. Akakaa chini mchangani.

"Alisema atarudi kuwageuza dagaa saa tisa," akasema. "Nilikuwa nimemwachia sehemu yake. Pastory, nilimwambia akae. Nilimwambia mbele yako."

"Ulimwambia."

"Na wewe ukamwambia aende."

"Nikamwambia aende."

Alilia mpaka kanga ikalowa. Mimi nilikaa kando yake na machozi hayakunitoka, nikawa naona aibu hata kwa hilo.

Bunge lilikaa wiki sita baadaye. Mkataba uliletwa, ukaridhiwa kwa kishindo kwa muda usiozidi nusu saa, pamoja na azimio la kumpongeza Rais kwa ujirani mwema. Mbunge wetu alichangia. Suti ilimkaa vizuri. Jaji alihamishiwa ofisi ambayo haina kesi. Wakili Regina aliandika barua ng'ambo, kwa wakubwa na kwa maaskofu, akiuliza habari za watu themanini na wanane, na kutoka kwa mmoja tu alijibiwa kwamba suala hilo ni la ndani ya nchi. Kuhusu Inamahoro, shemeji yake hakuvuka tena ziwa, kwa hiyo hakuna wa kutuletea habari wala shati. Shauri lenyewe lilifutwa mwaka uliofuata, kwa sababu waombaji hawakutokea mahakamani.

Wale watano ambao hawakuja siku ile wapo. Mmoja, Gélase, ana duka la viatu Mwanga, na tukikutana hunisalimia vizuri na kuniulizia afya. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuja. Alikuwa anasugua kiatu cha mteja, hakuinua kichwa.

"Sikukuamini, mzee," akasema. "Unisamehe."

Anataka nimsamehe, yeye ambaye ni mzima kwa sababu hakuniamini.

Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa nilikuwa nimeipeleka hati masjala kama kawaida, na kiapo changu cha kuifikisha, kurasa nne, nimeandika kila kitu: viatu, chai, orodha mezani, malori, maneno ya Inamahoro. Feliksi alizisoma zote nne amesimama. Kisha akavuta daftari kubwa, ambalo kila mstari wake una nafasi ya neno moja tu, akatazama sahihi na saa, akaandika mbele ya namba ya shauri: Imefikishwa. Akagonga muhuri. Miaka kumi na tisa, na hakuna hata moja niliyoirudisha bila sahihi.